Asiyebonyeza Kitu

Mimi sibembelezi mitambo ya simu. Naifungua, naitazama, yenyewe inaona aibu. Mafundi wenzangu wakiitwa kwenye ofisi yenye mtambo wa zamani husimama mlangoni, wakatikisa kichwa, wakasema ununuliwe mpya. Mimi huingia na bisibisi yangu na kuuliza uko wapi. Sijisifu, nasema ilivyo. Mjini kwetu, ukiwa na mtambo wa simu uliozeeka kuliko mlinzi wako, utaambiwa umtafute yule dada wa mawaya, na dada wa mawaya ndiye mimi.

Kwa hiyo siku dada yangu mkubwa aliponipigia na kuniambia kampuni yao ya lifti inataka simu ziwe zinajipokea zenyewe, sikuuliza kama inawezekana. Niliuliza, "Na wewe je?"

"Mimi namwaga unga, mdogo wangu," alisema.

Alisema kwa sauti iliyokwaruza, kwa maana ugonjwa wenyewe ulikuwa kooni. Dada alikuwa mpokea simu wa kampuni ile tangu mimi nikiwa navaa sare za shule. Kiti kile ndicho kilichonisomesha ufundi baada ya mama yetu kufariki, na ndicho kilichoufanya mji mzima umwite Mama Halo, hata sokoni, hata watu ambao hawajui anafanya kazi gani. Sasa daktari alikuwa amekuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vingekatwa, na baada ya hapo asitoe sauti mwezi mzima, hata ya kunong'ona. Bosi wake alisikia habari hiyo, akampa pole, kisha akakaa nayo usiku mmoja na kuamka na wazo: kama mtambo unaweza kupokea simu mwezi mmoja, kwa nini usipokee daima?

"Nikatae hiyo kazi," nilimwambia dada. "Nimwambie mtambo umekufa."

"Ukikataa ataleta mwingine. Kama kiti changu lazima kiondolewe, kiondolewe na mtu wa nyumbani."

Nilikasirika, na nikamwambia nimekasirika. Akacheka, akakohoa, akaniambia nisichelewe kwa sababu bosi hapendi watu wanaochelewa.

Ofisi yao iko juu ya duka la vioo. Unapanda ngazi, unasukuma mlango, na kitu cha kwanza unachokiona ni meza ya dada: simu pana yenye safu mbili za taa ndogo, kikombe cha maji ya uvuguvugu, na juu yake feni ya ukutani ambayo kila ikigeuka inakwaruza wavu wake. Nyuma ni chumba cha bosi. Bosi huyo alianza kazi akivuta kamba za chuma kwenye mashimo ya lifti, mpaka leo ana viganja vipana kama sahani, na wafanyakazi wanamwita Mzee Kamba. Jina hilo halimuudhi. Ukimwita meneja ndipo anapokutazama vibaya.

Mtambo wenyewe ulikuwa stoo, kabati la chuma la kijivu lililotundikwa ukutani kati ya mafungu ya kamba na makopo ya grisi. Nilifungua kifuniko, nikapuliza vumbi, nikakuta kila kadi iko mahali pake na betri ya kumbukumbu bado inapumua. Mtambo wa namna hiyo hauhitaji kompyuta. Unaupangia kazi kwa simu ya mezani: unabonyeza nyota, namba ya siri, namba ya programu, halafu unachotaka. Ukikubali unatoa mlio mmoja mrefu. Ukikataa unatoa milio mifupi mitatu, kama mtu anayekugunia. Nilikwisha kuguniwa na mitambo mingi, na yote tulielewana mwishoni.

"Mzee, simu za aina gani zinaingia hapa?" nilimuuliza bosi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mikono mfukoni.

"Simu ni simu. Wanaotaka lifti mpya, wanaouliza ankara, na wanaolalamika."

"Basi mtu akipiga atasikia salamu. Akibonyeza moja anakwenda mauzo, mbili hesabu, tatu mafundi, ndiko malalamiko yaende. Na asiyebonyeza kitu?"

"Kwa nini asibonyeze?"

"Wapo. Haoni vizuri, haelewi, ana simu ya kuzungusha. Mtambo unataka kujua umpeleke wapi. Nashauri aende kwenye meza ya dada."

"Meza itaondoka," alisema, taratibu tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Asiyebonyeza kitu akatwe. Siku hizi kuna watu wanapiga simu kisha wanakupumulia tu."

Nilimkunjia uso. Nilimwambia kwamba ofisi ni yake na nitapanga atakavyo, ila aweke akilini kwamba nimemwambia. Akasema ameweka. Nikabonyeza namba zote, nikamaliza na ile ya kukata, na mtambo ukatoa mlio wake mrefu. Ungetoa mlio huohuo kwa uamuzi wowote.

Nisidanganye, lilinijia wazo la kuvuruga kazi. Kugusisha nyaya mbili kidogo tu, simu ziwe zinapotea, Mzee Kamba achoke na amrudishe mtu kwenye kiti. Mkono ulikataa. Sijui kufanya kazi mbovu, hata kwa faida ya damu yangu, na dada angenijua mara moja. Kitu kimoja tu sikukifanya. Niliambiwa niizime kabisa simu ya meza yake. Mlio niliuzima. Taa na vitufe vyake niliviacha, kwa sababu alikuwa bado na mwezi wa kukabidhi mafaili pale, na sikuweza kumkalisha dada yangu mbele ya taa nilizozizima kwa mkono wangu mwenyewe.

Sauti ya salamu ilibidi iwe yake. Hilo bosi alilitaka mwenyewe, akisema wateja wamemzoea. Unaona jinsi binadamu alivyo: kiti hakitaki, sauti anaitaka. Tulijifungia stoo siku moja kabla dada hajaenda hospitali, tukatundika koti langu mlangoni kuzuia kelele, nikampa mkonga wa simu.

"Habari za asubuhi, karibu sana, na kama wewe ni mkubwa wangu shikamoo, hapa ni..."

Mtambo ukamkata. Kumbukumbu yake ni ndogo.

"Dada, mashine haijui saa wala umri wa mtu. Sema karibu, kisha namba."

"Hivyo tu? Bila hata kumjulia hali?"

"Hivyo tu."

Akarudia mpaka koo likamuuma. Ya mwisho ilitoka vizuri mno, sauti ile ya mtu aliyekuona unakuja tangu mbali na kukuwekea kiti. Nilimrekodi pia akisema, "Hujachagua. Asante kwa kupiga, kwaheri," na hata kwaheri hiyo ilikuwa tamu kiasi kwamba ungeweza kukatiwa simu na usikasirike. Alipokuwa akirudisha mkonga aliuliza, "Na wale wanaokwama kwenye lifti? Na wao wanapigia hapa."

"Watabonyeza tatu," nikasema.

"Watabonyeza tatu," akasema Mzee Kamba kutoka nje ya mlango.

Dada akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo watu watatu waliomaliza miaka yao kwenye waya, kamba na vitufe walivyokubaliana jambo lile, na hakuna aliyesita hata kidogo.

Upasuaji ulikwenda salama. Dada alirudi kazini akiwa na kitambaa shingoni na karatasi ya daktari aliyoibandika mbele ya meza kwa gundi: HARUHUSIWI KUONGEA. Alikaa akipanga mafaili yake mbele ya simu isiyolia. Nilikwenda kumwona siku ya kwanza. Taa zilikuwa zinawaka na kuzimika, watu wanapiga, sauti yake inawapokea kule stoo ndani ya kabati, na yeye mwenyewe amekaa pale anatazama. Hakuniambia kitu, hangeweza, lakini nilitoka nikijishika koo kana kwamba mimi ndiye niliyepasuliwa.

Mzee Kamba alifurahi kupita kiasi. Mtambo unapokea, watu wanabonyeza, hakuna simu iliyopotea. Akaamua kumwonyesha mteja wake mkubwa, msimamizi wa jengo la ghorofa kumi na mbili mtaa wa pili, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye shanga za miwani shingoni, aliyekuwa anafikiria kuhamishia matengenezo ya lifti zake kwa kampuni nyingine. Bosi akataka na mimi niwepo, ili nimkabidhi kazi mbele ya shahidi. Nilikwenda. Sikimbii kazi yangu.

Tuliingia lifti watatu. Kati ya ghorofa ya saba na ya nane Mzee Kamba akatoa ufunguo wake, akauingiza kwenye paneli na kuusokota. Lifti ikasimama kwa mshtuko mdogo.

"Usiogope, mama," alimwambia msimamizi. "Nimeisimamisha mwenyewe. Chukulia umekwama, uko peke yako. Unafanya nini?"

"Napiga kelele."

"Huna haja. Unabonyeza hapa."

Akabonyeza kitufe cha njano chenye picha ya kengele. Chini yake kulikuwa na spika ndogo ya matundu. Ikaita mara mbili, na sauti ya dada yangu ikajaa kile chumba cha chuma: karibu, kwa mauzo bonyeza moja, kwa hesabu bonyeza mbili, kwa mafundi bonyeza tatu.

Mzee Kamba alitabasamu, akainua kidole chake kinene abonyeze tatu. Kidole kikabaki hewani. Aliangalia juu ya spika, akaangalia chini yake. Kisha akabonyeza kitufe cha ghorofa ya tatu, na kikawaka taa kama kawaida, na sauti ikaendelea kumkaribisha.

Simu ya kwenye lifti ina kitufe kimoja. Nilikiona kile kitufe, na nikaona kosa letu. Mimi najua simu za maofisini. Mzee Kamba anajua kamba na breki, na spika zile zilifungwa na mtu mwingine. Na dada, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyekuwa akizipokea, hajawahi kupanda lifti maishani mwake. Anasema amesikia mengi mno.

"Hujachagua," ilisema spika. "Asante kwa kupiga, kwaheri."

Msimamizi alicheka mpaka miwani ikamwanguka puani. "Amenikata vizuri kweli," alisema. "Haya, mzee, washa tushuke."

Mzee Kamba akasokota ufunguo kurudi. Lifti haikutikisika. Akasokota tena. Akaeleza kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwamba kuna swichi ya usalama juu kwenye chumba cha mitambo, ikiruka lazima mtu apande akairudishe kwa mkono. Aliongea kwa utulivu sana na nikaona jasho linatokeza juu ya mdomo wake. Tukatoa simu zetu za mkononi. Hakuna iliyoshika mtandao, tumezungukwa na zege pande zote.

"Fundi," aliniambia, "fanya kitu."

"Bisibisi ninayo. Mtambo uko ofisini kwako."

Akabonyeza kitufe cha kengele. Karibu, moja, mbili, tatu, hujachagua, kwaheri. Akabonyeza tena. Safari hii akaisogelea spika na kusema, "Mama Halo, ni mimi." Karibu, ilimjibu. "Mama Halo, ni mimi bosi wako, nimekwama." Kwa mauzo bonyeza moja. Msimamizi hakucheka tena. Alikuwa ameegemea ukuta, anafungua kifungo cha shingoni.

Nilimwambia Mzee Kamba yale niliyokuwa nimemwambia stoo, na sikuyafunga kwenye karatasi ya zawadi. Nikaongeza ya kwangu, kwamba nami nilipaswa kuja kuiona hii spika kabla sijagusa mtambo, na kwamba nikitoka humu nitajipa vidonge vyangu mwenyewe. Akasema tugombane baadaye. Akabonyeza tena.

Salamu ikaanza. Ilipofika kwenye mbili ikakatika katikati ya neno, kukasikika kama mkonga umeinuliwa, halafu kimya.

"Imeharibika," alisema Mzee Kamba. "Sasa hata kuongea haiongei."

"Nyamaza, mzee."

Nilitega sikio. Haikuwa kimya kamili. Kwa mbali, kila baada ya muda, kulikuwa na kitu kinakwaruza wavu. Nikaijua ile feni ya juu ya meza ya dada.

"Dada," nikasema. "Usitoe sauti. Usithubutu. Gonga. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ni wewe?"

Tok.

Aliniandikia baadaye jinsi alivyojua. Alikuwa ameona taa moja inawaka, inakaa muda uleule wa salamu kwenda na kurudi, inazimika, inawaka tena papo hapo. Mtu wa mauzo hafanyi hivyo, wala wa ankara. Akatazama namba kwenye kioo kidogo cha simu, na namba za majengo yote anazo kichwani. Akabonyeza kitufe nilichokuwa nimeambiwa nikizime.

"Unajua tuko jengo gani?"

Tok.

"Mtumie fundi wa lifti ujumbe. Mwambie apande chumba cha mitambo, swichi ya usalama imeruka. Tuko kati ya saba na nane."

Tukasubiri. Spika ilikwaruza. Kisha: tok.

"Ametuma," nikawaambia. "Kazi imekwisha, ni kusubiri tu."

Lakini kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Msimamizi alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anapumua juu juu na kusema hewa imekwisha. Mzee Kamba alichuchumaa mbele yake. Akamwambia lifti ina breki za pande zote, akamwambia kamba moja tu inaweza kubeba tembo, akamwambia hewa inaingia kwa matundu ya chini, na kila alipoongeza neno yule mama alizidi kuwa mweupe midomo. Mimi nilimpepea kwa kifuniko cha boksi langu la vifaa. Hakikusaidia.

Ndipo yule mama mwenyewe akainua uso kwenye spika.

"Wewe unayegonga," alisema. "Bado upo?"

Tok.

"Umewahi kumpokea mtu aliyekwama kama sisi?"

Tok.

"Alitoka?"

Tok. Haraka, bila kufikiri.

"Alikuwa mnene kama mimi?"

Halafu yakaja mapigo mengi madogo ya haraka haraka, hayakuwa ndiyo wala hapana, na mimi niliyelala chumba kimoja na dada yangu tangu utotoni nilijua anacheka kwa kalamu kwa sababu koo limekatazwa. Msimamizi naye akaanza kucheka. Akacheka, akavuta pumzi, akacheka tena, na ile pumzi ikakaa mahali pake. Akaanza kumwuliza dada mambo mengine. Ana watoto? Anapenda kupika? Mume wake anakoroma? Dada akajibu yote kwa kalamu, na swali la kukoroma alilijibu kwa tok moja nzito.

Mzee Kamba alikuwa ameacha kueleza habari za breki tangu aliposikia kile kicheko. Alisimama na mgongo wake ukutani, viganja vyake vikubwa vimening'inia. Nikadhani anahofia mteja wake. Baada ya muda akasogea kwenye spika, akainama mpaka karibu aiguse kwa mdomo.

"Mama Halo," alisema kwa sauti ya chini. "Bado upo?"

Tok.

Hakuwa na swali lingine. Alisubiri, kisha akauliza lilelile, na akajibiwa vilevile. Hapo akanigeukia.

"Mimi huwa nafika mwisho," alisema. "Nafika na spana, nafungua mlango, mtu anatoka ananishukuru, ametulia, ananipa mkono. Miaka yote nilidhani wanatoka wametulia kwa sababu lifti zangu ni nzuri."

Nilikuwa na maneno makali ya kumjibu, nilikuwa nimeyapanga vizuri. Niliyameza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza mwaka ule kuyameza maneno, na sikuyajutia.

Lifti ikatetemeka, ikashuka taratibu mpaka saba, mlango ukafunguka, na uso wa fundi ukatokea ukiwa umepakaa grisi mpaka masikioni. Tulimnyanyua msimamizi. Akatoka akijirekebisha nguo, akamwambia Mzee Kamba kwamba ataendelea na kampuni yake kwa sharti moja: yule mgongaji abaki. Mzee Kamba akasema sawa, na alisema kwa haraka mno. Kisha akarudi ndani ya lifti, peke yake, akainama.

"Mlango umefunguka," aliiambia spika. "Unaweza kukata."

Tulirudi kwa miguu. Dada alikuwa mezani pake, mkonga ameshaurudisha, kalamu bado mkononi. Nilimkumbatia shingo yenye kitambaa, naye akanisukuma kwa kiwiko kwa sababu nilikuwa namwumiza.

"Badilisha," Mzee Kamba aliniambia.

"Badilisha mwenyewe. Ulimkata kwa mdomo wako, sasa mrudishe kwa kidole chako."

Nilidhani atakasirika. Alivuta kiti, akakaa mbele ya simu ya dada, nikamsomea: nyota, namba ya siri, namba ya programu. Kidole chake kilikuwa kinagusa vitufe viwili kwa pamoja, mtambo ukamgunia mara mbili, akaanza upya bila kunitazama. Tulipofika kwenye asiyebonyeza kitu nikamwambia aweke namba ya meza hii. Akaiweka. Mlio mrefu. Nikarudisha na ule mlio wa simu, nikatoka kwenye ngazi, nikapiga kwa simu yangu ya mkononi na sikubonyeza chochote. Nilisikia simu ya dada ikilia kupitia mlangoni, na nikabaki pale kwenye ngazi kidogo nikiisikiliza.

Niliporudi ndani Mzee Kamba alikuwa amesimama, mikono haijui iende wapi.

"Mama Halo," alisema, "kiti ni chako. Mwezi huu utagonga, nitawaambia mafundi wote wajue. Sauti ikirudi, utaongea. Utabaki?"

Dada alimtazama. Akashusha kalamu juu ya meza. Tok, tok.

Mzee Kamba akanitazama mimi kana kwamba dada ni mtambo ulioharibika na mimi ndiye fundi wake.

"Hapana?" aliuliza.

Tok.

Kisha dada akavuta karatasi, akaandika bila haraka, kwa ule mwandiko wake wa wima, akaigeuza imtazame bosi. Mzee Kamba akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Napokea za lifti tu. Mauzo na ankara wabaki na mashine. Wanaobonyeza tatu kulalamika waende mezani kwako. Na siku nyingine ukitaka kunitoa hapa, niambie mimi kwanza."

Alipofika neno la mwisho sauti yake ilikuwa imepungua. Aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Ya mwisho nimekosa," alisema. "Nisamehe. Lakini malalamiko, Mama Halo? Yote?"

Mimi nilikuwa tayari nimeinama kwenye simu. Nyota, namba ya siri, namba ya programu, tatu, chumba cha bosi. Mlio mrefu.

"Imekubali," nikasema.

Dada akagonga mara moja. Alikuwa anatabasamu, na sikumbuki kama nimewahi kujivunia mtu kiasi kile, hata mimi mwenyewe, na ninajivunia sana. Simu ya chumbani kwa Mzee Kamba ikaanza kulia. Akaitazama kupitia mlango, akatutazama sisi, tukamtazama yeye. Ikaendelea kulia. Mwishowe akaenda, na tukamsikia akisema halo kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kisha akasikiliza lalamiko la kwanza mpaka mwisho.